UKAGUZI WA MAFUTA: KUTOKA KWENYE BOMBA HADI KWENYE JERIKANI

Petroli inayotiwa katika pikipiki ya bodaboda kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Wilaya ya Isingiro, imesafiri mwendo mrefu kabla ya kufika hapo. Uganda huagiza kutoka nje mafuta yake yote yaliyosafishwa. Sehemu kubwa huteremshwa kutoka melini katika bandari ya Mombasa, husukumwa ndani ya bomba la chini ya ardhi hadi Eldoret au Kisumu, kisha hupakiwa katika malori ya matangi, huvuka mpaka katika Malaba au Busia, na hupita Kampala na Masaka hadi kufika Mbarara. Kutoka katika vituo vya mafuta vya mjini, kiasi fulani huendelea na safari katika jerikani na chupa hadi kwenye vibanda vya vijijini.

Basi katika safari hiyo mafuta hupita katika vyombo vitatu: bomba, lori na jerikani. Jambo linalostahili kuzingatiwa ni kwamba kadiri chombo kinavyokuwa kidogo, ndivyo ukaguzi unavyopungua na ndivyo mafuta yanavyowakaribia watu. Bomba lina wahandisi, mitambo ya kupimia na sheria nyingi. Lori lina dereva, utingo na kibali. Jerikani haina mtu ila yule anayeibeba. Ndiyo sababu askari aliye barabarani, kituoni au kambini hana budi kufahamu kwamba, apende asipende, yeye ndiye mkaguzi wa mwisho.

Ni vyema kwanza kueleza jinsi ukaguzi kamili unavyofanyika, ili kila mtu apate kipimo cha kulinganishia. Bomba la kutoka Mombasa hadi Nairobi, lenye urefu wa kilometa zipatazo 450, lilianza kazi mwaka 1978, na mwaka 1994 njia hiyo ilifikishwa Eldoret na Kisumu. Bomba la namna hiyo hukaguliwa kabla halijapitisha hata tone moja la mafuta. Viungo vilivyochomelewa hupigwa picha kwa miale inayopenya chuma, kama vile daktari anavyopiga picha ya mfupa uliovunjika. Kisha bomba hujazwa maji, na maji hayo hukandamizwa kwa nguvu kubwa kuliko ile itakayotumika kazini, kwa muda wa saa kadhaa. Kama kuna udhaifu, na ujulikane wakati kinachomwagika ni maji.

Baada ya hapo huanza ukaguzi usiokuwa na mwisho. Umeme mdogo hupitishwa ili kuzuia kutu. Kifaa chenye vipimo huingizwa ndani ya bomba, kikasukumwa na mafuta yenyewe huku kikitafuta mahali ambapo chuma kimekonda. Mafuta yanayoingia upande mmoja hulinganishwa na yanayotoka upande wa pili, na tofauti isiyoelezeka ikionekana, mitambo husimamishwa na vali hufungwa. Aidha, walinzi hutembea juu ya njia ya bomba kuangalia kama kuna mtu anayechimba, anayejenga au anayetoboa.

Hata hivyo, utaratibu mzuri ulioandikwa si sawa na utaratibu uliotekelezwa. Tarehe 12 Septemba 2011, petroli ilivuja katika mitambo ya Kampuni ya Bomba ya Kenya mjini Nairobi, ikaingia katika mtaro wa maji ya mvua na kuteremka hadi mtaa wa mabanda wa Sinai. Watu walikimbilia mtaroni wakiwa na ndoo na madumu. Moto ulipolipuka, zaidi ya watu 100 walipoteza maisha. Mabanda yalikuwa yamejengwa kando ya njia ya bomba na hata juu yake, katika ardhi ambayo kwa kanuni hairuhusiwi kujengwa.

Hapo palikuwa na makosa mawili ya namna mbili tofauti. La kwanza lilitokea ndani ya mitambo, mahali ambapo macho ya mpita njia hayafiki. La pili lilionekana mchana kweupe na kila mtu, kwa miaka mingi. Hapakuhitajika mhandisi wala kipimo chochote kujua kwamba nyumba iko juu ya bomba la petroli. Palihitajika mtu wa kuandika, mtu wa kusoma alichoandika mwenzake, na mtu wa kuchukua hatua mapema, tena kwa haki, kwa kuwapatia wakazi wale mahali pengine pa kuishi. Miaka minne baadaye, mwaka 2015, bomba la kutoka Mombasa lilivuja huko Thange, karibu na Kibwezi, na mafuta yakaingia katika udongo na katika mto ambao wakulima waliutegemea. Bomba nalo huzeeka. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Mafunzo hayo yanaihusu Uganda moja kwa moja. Uamuzi wa mwisho wa kuwekeza fedha katika bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki ulitangazwa tarehe 1 Februari 2022. Bomba hilo, lenye urefu wa kilometa 1,443, linatoka Kabaale katika Wilaya ya Hoima hadi Chongoleani, Tanga, na kilometa 296 kati ya hizo ziko ndani ya Uganda. Kwa kuwa mafuta ya Ziwa Albert huganda kama nta yanapopoa, bomba hilo hupashwa moto ili mafuta yabaki katika joto la nyuzi 50 hivi. Njia yake inapita Sembabule na Lwengo, na hivyo inaikata barabara kuu ya Masaka kwenda Mbarara. Kwa maneno mengine, lori lililojaa petroli ya kuelekea Mbarara linapita juu ya njia ya bomba. Sheria za petroli za mwaka 2013 ziliunda Mamlaka ya Petroli ya Uganda na kuipa jukumu la kusimamia na kukagua kazi za namna hiyo. Lakini ofisa wa Mamlaka hawezi kulala kila usiku kando ya bomba. Askari wa doria anayeona udongo uliochimbuliwa upya, majani yaliyokauka bila sababu au kigingi cha alama kilichong'olewa, ameona jambo la kuripoti saa ileile.

Chombo cha pili ni lori. Sheria ya Ugavi wa Petroli ya mwaka 2003 inataka biashara ya kusafirisha, kuhifadhi na kuuza mafuta ifanywe kwa kibali, chini ya usimamizi wa wizara inayohusika na nishati. Kibali, hata hivyo, ni karatasi, na karatasi haisimamishi lori kwenye mteremko. Tarehe 18 Agosti 2019, lori la mafuta lilipoteza mwelekeo katika kituo cha biashara cha Kyambura, Wilaya ya Rubirizi, kwenye barabara itokayo Mbarara na Ishaka kwenda Kasese. Liligonga magari mengine, likalipuka, na watu wapatao 20 wakafa. Maduka ya kando ya barabara yaliteketea. Watu wa Kyambura hawakuifuata petroli. Ni petroli iliyowafuata walipokuwa.

Kwa ajili hiyo, askari anayesimamisha lori la mafuta hana budi kutazama zaidi ya leseni. Matairi yana hali gani? Breki zinashika? Vali za chini zinatona? Vifuniko vya juu vimefungwa? Kuna mitungi ya kuzimia moto, na imejaa? Dereva amepumzika, au macho yake ni mekundu kwa kuendesha usiku kucha? Palipo na bango la rangi ya machungwa, namba ya chini humwambia askari kilichomo: 1203 ni petroli, 1202 ni dizeli, na 1223 ni mafuta ya taa. Ukaguzi huo huchukua dakika chache. Askari anayepokea kitu kidogo na kuliruhusu lori bovu liendelee hakumsamehe dereva kosa. Amehamisha hatari kutoka kizuizi chake hadi kwenye kituo cha biashara kilicho mbele, ambako huenda mkewe au mama yake anauza ndizi.

Upo msiba wa namna nyingine, nao ni ule wa watu kuifuata petroli. Siku nane tu kabla ya Kyambura, tarehe 10 Agosti 2019, lori lilipinduka Msamvu, Morogoro, nchini Tanzania. Wananchi walikusanyika kuchota mafuta, na moto ukaua watu zaidi ya 100. Kabla ya hapo, tarehe 29 Juni 2013, zaidi ya watu 30 walikufa kwa namna hiyo Namungoona, jijini Kampala. Na tarehe 2 Julai 2010, katika mji mdogo wa Sange, Kivu ya Kusini, lori lililopinduka liliua watu zaidi ya 230. Wapo Nakivale wakimbizi waliotoka Kivu ambao hawahitaji kusimuliwa habari za Sange.

Mtu mwenye akili timamu huiendeaje petroli iliyomwagika? Mosi, ni umaskini: jerikani moja ni ujira wa siku kadhaa. Pili, ni kutojua tabia ya petroli. Kinacholipuka si kimiminiko, bali ni mvuke wake. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne, hivyo hautoroki juu kama moshi, bali hutambaa chini, hujaa mitaroni na mabondeni, na hausubiri joto la jua, maana petroli hutoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi kali. Anayechota huona lori limetulia, wala hauoni mvuke uliokwisha kumzunguka hadi kiunoni. Mtu mmoja akiwasha pikipiki ili akimbize dumu lake, cheche hiyo yatosha.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya askari anayefika mahali lori limepinduka si kuandika namba ya gari wala kupima barabara. Ni kuwaondoa watu. Asimame upande unakotoka upepo, mahali palipoinuka. Mwongozo wa dharura unaotumiwa na vikosi vya zimamoto huko Marekani unataka watu wawe mbali kwa mita 50 pande zote mafuta yakivuja, mita 300 upande unakoelekea upepo endapo yaliyomwagika ni mengi, na mita 800 endapo tangi lenyewe linawaka. Injini zizimwe, na zilizozimwa zisiwashwe tena. Mtaro uzibwe kwa udongo ili mafuta yasiteremke makwao watu. Maji matupu yasitumike, kwani petroli huelea juu ya maji na kusafiri nayo ikiwaka. Kinachofaa ni povu au unga wa kuzimia. Na juu ya yote, askari asiguse mafuta hayo. Mwenye sare akitega jerikani yake mtaroni, amewapa ruhusa raia mia moja.

Linabaki swali la chombo cha tatu. Nakivale, iliyofunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda, leo ina watu waliotoka Kongo, Burundi, Somalia, Ethiopia na Eritrea. Petroli inapouzwa kwa chupa kando ya jiko la mkaa, hakuna mhandisi atakayefika kukagua. Kuna askari wa kituo cha polisi, kuna viongozi wa kambi, na kuna Kiswahili, lugha ambayo askari huyo na wengi wa wakazi hao wanaisikia sawasawa. Onyo linalotolewa kwa lugha inayoeleweka, kabla ya ajali, ni ukaguzi. Kumtaka mwenye duka atenge petroli na moto, na aifiche mbali na watoto, ni ukaguzi. Kurudi wiki inayofuata kuona kama ametii, huo ndio ukaguzi hasa.

Mwisho wa yote, bomba, lori na jerikani hubeba kitu kilekile. Petroli haijui imo katika chombo gani, wala haijui mlinzi wake ana cheo gani. Inajua tu palipo na ufa na palipo na cheche. Kazi ya askari ni kuhakikisha kwamba viwili hivyo havikutani katika zamu yake.