Kozhikode, Bandari Iliyostawi kwa Uaminifu

Wilaya ya Kozhikode iko katika jimbo la Kerala, pwani ya kusini-magharibi ya India. Wazungu waliuita mji wake mkuu Calicut. Eneo lake ni kilomita za mraba 2,344, na sensa ya 2011 ilihesabu wakazi zaidi ya milioni 3, wengi wao wakizungumza Kimalayalam. Magharibi kuna Bahari ya Arabu. Mashariki milima ya Western Ghats inainuka ghafla, na gari liendalo Wayanad hupanda kwa kona kali 9. Katikati ni vilima vya udongo mwekundu unaokatwa matofali ya kujengea nyumba.

Mwanzoni mwa Juni pepo za kusi hufika zikiwa zimebeba maji, hugonga milima, na mvua hunyesha kwa miezi. Ndiyo inayostawisha pilipili manga, mmea utambaao juu ya miti, na pilipili hiyo ndiyo iliyowavuta Waarabu, Wachina na Wareno.

Hata hivyo, Kozhikode haikujaliwa bandari nzuri ya asili. Pwani yake iko wazi, na meli zilitia nanga mbali. Wafanyabiashara walifuata usalama wa mali zao. Abdur Razzaq, mjumbe kutoka Herat aliyefika miaka ya 1440, aliandika kwamba watu waliteremsha shehena na kuiacha sokoni bila wasiwasi, kwani maofisa wa mfalme waliilinda na kutoza ushuru baada tu ya mauzo. Wafalme hao, Samoothiri, walikuwa Wahindu, na bandari yao ilijaa Waislamu.

Karne moja kabla yake, msafiri Ibn Battuta, yuleyule aliyezuru Kilwa mwaka 1331, alikuta meli 13 za Kichina zikingoja msimu. Alimtaja tajiri wa meli aitwaye Mithqal, ambaye msikiti wake ungalipo katika mtaa wa Kuttichira. Hauna kuba wala minara. Paa zake za vigae zimepangwa ngazi kwa ngazi juu ya kazi ya mbao, mithili ya mahekalu ya Kerala.

Mwaka 1498 Mreno Vasco da Gama alipata rubani Malindi, akang'oa nanga tarehe 24 Aprili, na Mei 20 akafika karibu na Kozhikode. Zawadi zake za nguo, kofia, sukari na asali zilidharauliwa. Aliporudi mwaka 1502 alimtaka Samoothiri awafukuze Waislamu. Mfalme alikataa, na mji ukapigwa mizinga. Mwaka 1510 Wareno waliuchoma msikiti wa Mithqal, nao ukajengwa upya.

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 16 manahodha Waislamu wa ukoo wa Kunjali Marakkar walimpigania mfalme Mhindu baharini. Doa kubwa la historia hii ni mwisho wao. Mfalme alishirikiana na Wareno dhidi ya Kunjali wa nne, aliyejisalimisha kwa ahadi ya kuachiwa uhai. Wareno walimchukua wakamuua Goa mwaka 1600. Baadaye Hyder Ali wa Mysore aliuteka mji mwaka 1766, na Waingereza wakalitwaa eneo hilo mwaka 1792. Jimbo la Kerala liliundwa mwaka 1956, na wilaya hii mwaka uliofuata.

Ufundi wa bahari haujafa. Beypore, kwenye mlango wa mto Chaliyar, mafundi huunda majahazi makubwa ya msaji yaitwayo uru bila ramani ya karatasi, kwani vipimo vyote vimo kichwani mwa fundi mkuu. Zamani mbao zilishonwa kwa kamba za nazi, kama mtepe wa Lamu. Jahazi likikamilika, vikundi vya wafanyakazi waitwao khalasi hulivuta majini kwa kamba na kapi, wakiitikiana nyimbo. Wanunuzi wengi hutoka nchi za Ghuba.

Elimu nayo ina heshima yake. Kwenye hekalu la Tali wafalme waliwakutanisha wanazuoni kwa midahalo na kuwatunuku mifuko ya fedha. Mwandishi Vaikom Muhammad Basheer aliishi Beypore, na mwaka 2023 UNESCO iliutangaza Kozhikode kuwa Mji wa Fasihi, wa kwanza nchini India.

Mgeni na aanzie Kuttichira, kisha aende Tali. Msikiti na hekalu haviko mbali, na ujirani huo unaeleza utajiri wa Kozhikode kuliko hata pilipili manga, ambayo ilipatikana pia katika bandari nyingine za pwani ileile.