Mathe na bahari: Unavyoweza kujipanga kwa safari yako ya kwanza ya majini

Kama umelelewa Eastlands, bahari ya kwanza uliyoiona ilikuwa kwenye kalenda. Kwetu Kayole ilikuwa kalenda ya duka la jumla, imetundikwa juu ya jiko, mnazi umeinama kama unatafuta kitu majini. Mwaka uliisha, kalenda ikabaki pale pale ukutani.

Kutoka hapa hadi Mombasa ni kama kilomita 480. Mathe anakaribia miaka hamsini, ameuza nguo za mitumba Gikomba tangu nikiwa mtoto wa kubebwa mgongoni, na hajawahi kuyaona hayo maji. Mwaka jana nilimwambia nitampeleka. Si ufukweni tu kupiga picha: tutapanda jahazi kutoka Shimoni, Kaunti ya Kwale, tuzunguke hifadhi ya baharini ya Kisite-Mpunguti, tule samaki kisiwani Wasini. Zile meli kubwa za kitalii zinazotia nanga Kilindini ni za watu wa dola. Jahazi la siku moja ndilo saizi yetu.

Kwa hivyo kama nawe uko Umoja, Dandora au Donholm na unaota ndoto hiyo hiyo, nikuonyeshe tulivyojipanga. Bado hatujaenda. Tunaenda mwisho wa Februari.

Pesa kwanza

Nilianza na mia moja kwa siku. Mimi naandika vibarua vya mtandaoni, na kuna siku hakuna kitu, lakini siku ikilipa naweka mia mbili kufidia ya jana. Pesa nimezifungia kwenye M-Shwari, kwa sababu zikikaa tu kwenye simu zitageuka smokie na bando. Miezi minane ni kama Sh24,000.

Treni ndiyo sehemu rahisi ya hesabu. Nauli ya Madaraka Express daraja la kawaida ilipanda kutoka Sh1,000 hadi Sh1,500 mwanzoni mwa 2024. Watu wawili, kwenda na kurudi, ni Sh6,000. Unakata tiketi kwa simu kupitia *639#, na usingoje wiki ya mwisho. Siku ya safari beba kitambulisho na ufike mapema, kwa sababu pale stesheni ya Syokimau mizigo hupangwa chini mbwa wa polisi wainuse kabla hujaingia. Sisi wa Eastlands tuna bahati kidogo: treni ya kutoka mjini inayounganisha na SGR hupitia Makadara na Imara Daima, kwa hivyo si lazima uingie tauni kwanza.

Kuhusu jahazi, ukipiga simu kuulizia usiulize “ni pesa ngapi?” pekee. Uliza bei hiyo imebeba nini: chakula, miwani ya kutazamia chini ya maji, kiingilio cha hifadhi? Kiingilio ni cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, na hulipwa kidijitali. Ukifika na noti mkononi utabaki umesimama nazo.

Kuna jirani aliyeniuliza swali, na najua nawe unalo. Niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo. Deni bado lipo. Sasa mbona nisipeleke hizo elfu ishirini na nne huko? Nimelala nikiliwaza. Ukweli ni kwamba deni ni karibu mara tatu ya hiyo pesa, na nikiipeleka yote bado sitaruhusiwa kukaa darasani. Lakini hata ingetosha, sina uhakika ningejibu vipi. Mathe alilipa mihula mitatu kwa nguo za watoto za shilingi hamsini hamsini. Mimi cheti sikumletea.

Chagua upepo

Sisi huku tunajua misimu miwili tu: matope na vumbi. Pwani wanahesabu pepo. Kaskazi huvuma takriban Novemba hadi Machi, na huo ndio wakati bahari hutulia na maji huwa maangavu, ukaweza kuona matumbawe na samaki wake. Kusi huanza karibu Aprili pamoja na mvua za masika, na katikati ya mwaka mawimbi huwa makali. Usiende Juni kwa sababu umepata ofa ukaona umebahatika. Desemba nayo kila mtu anashuka Mombasa na tiketi za treni zinakuwa dhahabu. Januari ni ya karo na kodi ya nyumba. Ndiyo maana tukaangukia Februari.

Begi la Gikomba

Hapa mathe ndiye mwalimu. Alinichagulia shati jepesi la mikono mirefu, kwa sababu jua la baharini linakupiga kutoka juu na kutoka majini. Kofia yenye kamba, isije ikapeperuka. Sandak, zile za plastiki tulizovaa shule ya msingi, maana miamba ya matumbawe hukata nyayo. Leso mbili: Wasini ni kijiji cha Waislamu, na ukishuka kwenye jahazi unajistiri kabla hujaanza kuzurura kwenye nyumba za watu.

Acha juala nyumbani. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017, na tangu Juni 2020 hata chupa za maji za kutumia mara moja haziruhusiwi kwenye hifadhi. Beba chupa yako ya kujaza tena. Simu itafutie kile kifuko kisichopitisha maji, Luthuli kipo.

Kichefuchefu nacho kipangie. Usipande ukiwa na njaa, wala usipande ukiwa umeshiba mahamri sita. Kaa katikati ya chombo, tazama mbali pale maji yanapokutana na mbingu, usiiname kwenye simu. Dawa za kuzuia kutapika zipo, lakini humezwa kabla ya kuondoka, kwa hivyo muulize mfamasia mapema, hasa kama mzazi wako anatumia dawa za presha kama mathe.

Hofu haikai kwenye begi

Haya yote niliyamaliza mapema. Kilichobaki ni kitu ambacho mathe hakuwa amenieleza.

Tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipinduka ikielekea kisiwani Mombasa, ikiwa imejaa watu kupita kiasi. Watu 272 walikufa. Mathe alikuwa msichana wa miaka 16. Dada yake mkubwa alikuwa mfanyakazi wa nyumbani huko huko Mtongwe, na feri ilikuwa njia yake ya kila siku. Redio ikatangaza. Nyumbani hakukuwa na simu. Walikaa siku kumi na moja bila kujua, hadi barua ikafika: asubuhi ile alichelewa akifua nguo.

Shangazi bado anaishi Likoni. Tutalala kwake, na huo ndio mwujiza wa bajeti yetu. Lakini katika miaka hii yote mathe hajawahi kumtembelea. Nilidhani ni nauli.

Basi nikatafuta njia. Treni inaishia Miritini, na siku hizi kuna barabara ya Dongo Kundu inayokufikisha pwani ya kusini bila kugusa feri ya Likoni. Nikamchorea kwenye karatasi. Akaitazama, akaikunja, akaiweka kwenye sidiria anakoweka pesa.

Jumapili iliyofuata tulienda kwenye bwawa la kulipia kando ya Outering. Alivaa vazi la kuogelea alilolitoa kwenye furushi lake mwenyewe, juu yake tisheti ya kampeni. Aliingia hadi kiunoni, akanishika mkono kama mimi nilivyomshika nikienda nasari. Watoto walimcheka. Mwalimu wa pale akamfunza kitu kimoja tu: kulala chali na kuacha maji yambebe. Ilichukua Jumapili tatu. Ya tatu alielea kwa muda wa kuhesabu hadi ishirini, macho ameyafumba, anasali kwa sauti.

Nawe fanya hivyo kabla ya kwenda. Huhitaji kuogelea kama samaki, ila ujue kuelea. Na siku ya jahazi, kabla ya kukanyaga ubao, uliza maswali mawili bila haya: chombo hiki kinabeba watu wangapi, na jaketi langu la kuokoa maisha liko wapi? Livae, lifunge. Wakikucheka, wacha wacheke. Ukiona watu wamezidi, shuka.

Juzi usiku nilikuwa napiga hesabu ya matatu ya kutoka Miritini nikamsikia nyuma yangu.

“Hiyo ya Dongo Kundu, ifute.”

“Kwa nini, Mum?”

“Tupitie feri. Ni dakika ngapi?”

“Kama kumi hivi.”

“Sasa kama dakika kumi zitanishinda, hilo jahazi la siku nzima nitaliweza aje?” Akarudi kupanga nguo zake, kisha akaongeza bila kunitazama: “Na umwambie shangazi yako aje atungoje upande ule. Asimame mahali nitamwona.”

Feri ni bure kwa anayevuka kwa miguu. Nimefuta mstari mmoja kwenye bajeti.