Kumbukumbu Zilizochongwa na Wafungwa

Zamani, mara nyingi medali ya kumbukumbu iliagizwa na mtawala ili kutukuza ushindi au kutawazwa kwake. Koloni la wafungwa la New South Wales, chimbuko la Australia ya leo, lilipata kumbukumbu yake ya awali kutoka mikononi mwa mfungwa.

Mwaka 1787 Uingereza ilituma huko msafara wa meli 11. Ndani ya meli ya Charlotte alikuwamo mfungwa Thomas Barrett. Walipotia nanga Rio de Janeiro, yeye na wenzake walifumaniwa na sarafu za bandia walizotengeneza kwa bizimu na vijiko. Daktari wa msafara, John White, aliandika akistaajabia ustadi wao. Inaaminika ni yeye aliyemwagiza Barrett, walipofika Botany Bay Januari 1788, achonge medali ya fedha: upande mmoja meli imetia nanga, upande wa pili maelezo ya safari. Tarehe 27 Februari Barrett akanyongwa kwa kuiba chakula, wa kwanza kunyongwa katika koloni hilo. Medali yake sasa iko katika makumbusho ya bahari jijini Sydney.

Medali, hata iwe nzuri vipi, haikununulii mkate, na koloni lilikuwa na uhaba mkubwa wa sarafu. Meli za biashara zilileta bidhaa na kuondoka na fedha. Mwaka 1812 Gavana Lachlan Macquarie alipokea dola 40,000 za Hispania. Ili zisitoroke, alimpa kazi William Henshall, aliyepelekwa huko kwa kosa la kughushi fedha, azitoboe katikati. Pete ya nje ilipigwa chapa ya shilingi 5, na kipande cha ndani peni 15. Jumla hiyo ilizidi thamani ya dola nzima, tena ilitambuliwa ndani ya koloni tu. Mfanyabiashara hakuwa na faida ya kuzibeba.

Henshall alitumia ustadi uleule uliomtia hatiani. Kilichobadilika ni amri ya serikali nyuma ya chapa yake.

Kwa hiyo, msomaji, ukiuziwa "sarafu ya kumbukumbu", tazama kwanza kama ina thamani iliyoandikwa na jina la nchi iliyoitoa. Ikikosa hivyo, huenda umeshika medali. Ilipie kwa uzito wa madini na historia yake, si zaidi.