Mnaenda Malta kwa pesa kidogo? Haya si ya kubania

Mwezi wa Agosti mwaka jana, saa nne za usiku, nilipigiwa simu na mke wa mgonjwa wangu mmoja. Alikuwa Malta. Yeye na mumewe, watu wa Nairobi waliokwisha kupita miaka 50, walikuwa wameweka akiba miaka miwili ili waadhimishe mwaka wa 25 wa ndoa yao katika kisiwa hicho kwa wiki moja. Walikuwa wamekodi chumba chenye jiko, wakipanda basi na kujipikia. Sasa mume alikuwa na homa na kichwa kikimgonga tangu juzi. Wote wawili walidhani ni jua. Mwenye nyumba naye alisema ni jua, akawapa vidonge vya maumivu.

Nilimwuliza swali moja tu: kabla ya kupanda ndege mlikuwa wapi? Akanijibu kwamba walipitia Siaya kuwaaga wazee, wakalala huko siku tano.

Nilimwambia waende hospitali usiku huo huo, na neno la kwanza kumwambia daktari liwe hili: "Tunatoka Kenya, na siku kumi zilizopita tulikuwa mahali penye malaria." Damu ilipimwa, vijidudu vikaonekana. Alilazwa siku nne. Wameniruhusu niyasimulie haya, maadamu majina siyataji.

Ndugu msomaji, malaria iliyo kali zaidi hapa kwetu haijitokezi siku ile unayoumwa na mbu. Vijidudu hukaa kwanza kwenye ini, na kwa kawaida homa huanza baada ya wiki moja au mbili, pengine mwezi na zaidi. Kwa hiyo unaweza kuumwa na mbu Siaya au Kilifi na kuugua ukiwa ufukweni Ulaya. Malta haina malaria. Daktari wa huko anayemwona mtalii mwenye homa mwezi wa Agosti atafikiria jua, mafua au chakula kibaya, na hatakuwa na kosa asipoambiwa ulikotoka. Tena mtu aliyekaa Nairobi miaka mingi amekwisha kupoteza kinga aliyokuwa nayo utotoni kijijini. Kukawia siku mbili kunaweza kuua.

Sisemi msiende. Kwa wenye mfuko mdogo Malta ni mahali pazuri. Ni visiwa vidogo kusini mwa Sicily, kilomita za mraba 316 tu kwa jumla, na mabasi hufika karibu kila mahali. Kiingereza ni mojawapo ya lugha zao rasmi, magari hupita kushoto, na hata soketi za umeme ni za matundu matatu kama zetu, kwani nao walitawaliwa na Waingereza hadi 1964. Lakini katika safari ya bei nafuu yapo mambo ya kubania na yapo yasiyobanika.

La kwanza lisilobanika ni bima. Malta imo katika mpango wa viza wa Schengen, na mwombaji hutakiwa awe na bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000. Wengi huiona kama kodi ya viza, wakatafuta ile ya chini kabisa. Hapo ndipo hatari ilipo. Nimewahi kuwa na mgonjwa wa kisukari aliyeficha ugonjwa wake kwenye fomu ili alipe kidogo. Alipolazwa ng'ambo, kampuni ilisoma fomu na kukataa kulipa, na familia ikauza gari. Andika kila ugonjwa ulio nao na kila dawa unayomeza, hata kama bei itapanda. Yule bwana wa Siaya alikuwa ameandika shinikizo lake la damu, na bili yote ililipwa.

Chukueni pia kitabu cha chanjo ya homa ya manjano. Malta hukidai kwa msafiri atokaye nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, na Kenya imehesabiwa humo. Tangu 2016 chanjo moja inatosha maisha yote, hata kama kitabu chako cha zamani kimeandikwa miaka kumi. Ambaye hajachanjwa afanye hivyo angalau siku kumi kabla ya safari, na aliyepita miaka 60 aonane na daktari kwanza.

Dawa zako za kila siku ziwe kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya pakiti zake, pamoja na barua ya daktari. Mzigo unaowekwa chini ya ndege unaweza kupotea, na insulini ikiganda kwa baridi huko huharibika.

Sasa tuje kwenye jua. Watu huniambia, "Daktari, sisi tumezaliwa kwenye ikweta, jua la Wazungu litatufanya nini?" Ni kweli kwamba miale ya jua la adhuhuri Nairobi, kwa vile tuko juu ya mlima na karibu na ikweta, ni mikali kuliko ya Malta. Lakini Nairobi hulali juani saa sita mfululizo. Sisi tumezoea mchana wa saa kumi na mbili, na jioni ikifika baridi inashuka. Malta mwezi wa Juni jua hutoka kabla ya saa kumi na mbili asubuhi na halizami hadi saa mbili usiku zimepita. Julai na Agosti joto la mchana hufika nyuzi 31 au 32 na zaidi, na usiku hubaki karibu 22. Mwili haupati nafasi ya kupoa, hasa katika chumba cha bei rahisi kisicho na kipoza hewa.

Ngozi nyeusi husaidia dhidi ya kuungua, ingawa nayo huungua. Dhidi ya joto haisaidii kitu. Anayemeza vidonge vya kukojoza maji kwa ajili ya shinikizo la damu yumo hatarini zaidi, na vivyo hivyo mwenye kisukari, mwenye selimundu na anayekunywa bia mchana kutwa. Mwenzako akianza kuumwa kichwa, kuona kizunguzungu na kutapika, mpeleke kivulini na umpe maji kidogo kidogo. Lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi vinatosha; si lazima ununue kitu. Lakini akianza kusema maneno yasiyoeleweka au kuanguka huku mwili unawaka moto, hicho ni kiharusi cha joto. Usimpe kitu mdomoni. Piga 112, mvue nguo, mmwagie maji na umpepee bila kukoma hadi gari lifike.

Hapa ushauri wa daktari na wa mfuko unakubaliana: msiende Julai wala Agosti. Mwezi wa Mei, au mwisho wa Septemba na Oktoba, vyumba kwa kawaida hushuka bei na joto hupungua. Mimi ningechagua Oktoba, maana bahari huwa bado ina uvuguvugu wa kiangazi, wakati ya Mei ingali baridi.

Maji ya bomba huko ni salama. Sehemu kubwa hutolewa baharini na kuondolewa chumvi kwa mitambo, kwa hiyo ladha yake haimpendezi kila mtu, lakini hayana madhara. Kujipikia nako ni sawa, mradi wali wa jana usiachwe mezani kwenye joto lile. Vile vitumbua vyao vya jibini au njegere, pastizzi, ni vya bei ya chini sana, na nawajua watu walioishi kwavyo wiki nzima. Mwenye kisukari asijaribu.

Kuhusu maziwa nina kisa. Ugonjwa tunaouita brusela, unaowatesa wafugaji wetu kwa homa zisizokwisha na maumivu ya viungo, uliitwa zamani homa ya Malta. Mwaka 1887 daktari wa jeshi la Uingereza, David Bruce, aligundua kijidudu chake katika wengu za askari waliokufa kisiwani humo. Ilichukua hadi 1905 kwa daktari wa Kimalta, Themistocles Zammit, kuonyesha kwamba kilikaa kwa mbuzi. Siku hizo mbuzi walipitishwa mlango kwa mlango na kukamuliwa mbele ya mnunuzi. Jeshi lilipoyapiga marufuku maziwa hayo mwaka 1906, ugonjwa ulishuka sana kambini. Leo jibini lao dogo, ġbejna, liuzwalo madukani linalika bila wasiwasi likiwa limetengenezwa kwa maziwa yaliyochemshwa kiwandani. La kienyeji lisilo na karatasi ya maelezo, liache. Hatari hiyo ni kubwa zaidi hapa nyumbani kuliko huko, kusema kweli.

Kuna chakula kingine, bigilla, kinachopondwa kwa yale maharagwe mapana ambayo Waarabu huyaita ful. Kwa wengi ni kitamu tu. Lakini watu wa pwani yetu na wa kando ya Ziwa Victoria, hasa wanaume, baadhi yao huzaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD kinacholinda chembe nyekundu za damu. Upungufu huo umeenea pia kwa watu wa Mediterania, na wanaoupata vibaya maharagwe haya huvunja damu yao. Aina ya Kiafrika mara nyingi ni nyepesi, ila kama uliwahi kuambiwa unao, au mkojo wako uligeuka mweusi baada ya kumeza dawa fulani, yaache. Mkojo mweusi na macho ya manjano baada ya kula ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo.

Baharini vaeni viatu vya mpira, kwani fukwe nyingi ni za mawe na kuna viumbe wa miba. Ukichomwa na konyeza, osha kwa maji ya bahari, si ya bomba, na usisugue. Msiogelee mmelewa.

Mkirudi nyumbani, mkapata homa wakati wowote katika miezi mitatu ijayo, mwambieni daktari mlikokuwa, huko na huku. Na kama kabla ya kuondoka mtapitia kijijini kuwaaga wazee, laleni ndani ya chandarua.