Sindano Mbili Siku Moja: Je, Mtoto Ataweza?

Swali hili huulizwa sana na akina mama, na siku hizi hata akina baba. Mtoto wa wiki 6 hupelekwa kliniki, akachomwa sindano paja la kushoto, nyingine paja la kulia, kisha akadondoshewa matone ya polio na ya kuzuia kuharisha. Usiku analia na mwili una joto. Mama anawaza: kwa nini wasimpe moja leo na nyingine mwezi ujao, ili huyu mdogo apumzike? Hilo si swali la ujinga. Ni la mzazi anayempenda mwanawe, nasi tutalijibu kadiri tuwezavyo.

Kwanza tujue anachopewa. Sindano ya kushoto, ambayo wauguzi huiita Penta, hukinga magonjwa matano: dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini aina ya B, na kijidudu kiitwacho Hib ambacho huleta nimonia na homa ya uti wa mgongo. Ile ya kulia hukinga kijidudu kingine ambacho nacho huleta nimonia. Kuunganisha chanjo si jambo la juzi. Chanjo za dondakoo, kifaduro na pepopunda zimetolewa pamoja tangu miaka ya 1940, na kadi za zamani ziliandikwa DPT. Nchini Tanzania kinga ya homa ya ini iliongezwa humo mwaka 2002, na ya Hib mwaka 2009. Basi wengi wetu tunaosoma ukurasa huu tulichanjwa tatu kwa mpigo bila kujua.

Je, mwili hauchoki? Mtoto hukutana na vijidudu vingi mno tangu saa anapozaliwa: kwenye ngozi ya mama, kwenye titi, kwenye nguo, na kwenye mikono ya shangazi na majirani wanaopokezana kumbeba. Mwili wake hupambana navyo vyote kwa wakati mmoja. Chanjo mbili au tatu kwa siku moja ni nyongeza ndogo tu juu ya kazi hiyo.

Hata hivyo, tusiwafiche. Mtoto akipewa sindano mbili siku moja, uwezekano wa kupata homa huongezeka kidogo. Tena zipo nyakati ambapo wataalamu wenyewe wameamua kutenganisha. Huko Marekani iligunduliwa kwamba chanjo ya surua, matubwitubwi na rubela ikichanganywa na ile ya tetekuwanga katika sindano moja, huleta degedege la homa kwa mtoto mmoja zaidi katika kila watoto 2,300 hadi 2,600 hivi wanaopata dozi ya kwanza. Kwa hiyo mwaka 2010 walishauriwa kwamba dozi hiyo ya kwanza itolewe kwa sindano mbili, ila mzazi akipenda mchanganyiko apewe. Angalia lakini: sindano hizo mbili huweza kutolewa siku ileile.

Tofauti na hiyo ni habari ya Uingereza, ambayo bado inazunguka hadi kwetu. Mwaka 1998 daktari Andrew Wakefield wa London alichapisha taarifa kuhusu watoto 12, akaihusisha chanjo ya surua, matubwitubwi na rubela na ugonjwa wa usonji, akashauri zitolewe moja moja. Taarifa yenyewe haikuwa na ushahidi wowote kwamba kutenganisha kunasaidia. Wazazi waliogopa, wengi wakaacha, na surua ikarudi. Mwaka 2010 jarida la Lancet liliifuta taarifa hiyo, naye akaondolewa katika orodha ya madaktari. Huko Denmaki watafiti walifuatilia watoto zaidi ya 650,000, na mwaka 2019 wakatangaza kwamba hawakuona usonji ukiongezeka kwa waliochanjwa.

Sasa tupime gharama ya kutenganisha hapa kwetu. Penta haigawanyiki, kwa sababu zote tano zimo katika kichupa kimoja. Kinachowezekana ni kuahirisha sindano ya paja la pili. Lakini nimonia haingoji tarehe ya mama, na siku hiyo ya pili ina vikwazo vyake: mvua, palizi, msiba, nauli. Mama anayetembea saa mbili hadi zahanati anaelewa tunachosema. Chanjo ya surua na rubela nayo hutolewa kwa pamoja, katika miezi 9 na tena miezi 18. Kama zingetenganishwa na kutolewa siku tofauti, ingebidi zipishane wiki 4 au zaidi, na surua humwambukiza karibu kila asiye na kinga aliyekaa nayo chumba kimoja. Kwa maoni yetu, hasara hiyo ni kubwa kuliko usiku mmoja wa kulia.

Usiku huo una dawa yake. Mnyonyeshe mtoto wakati anachomwa, maumivu yatapungua; akirudi nyumbani mnyonyeshe mara nyingi na mvike nguo nyepesi. Msikande wala kupaka kitu mahali pa sindano. Muulizeni muuguzi kipimo cha parasetamo kabla ya kuondoka, msikisie. Homa ikizidi siku mbili, au mtoto akikataa kunyonya, akilegea au akipata degedege, mrudisheni haraka.

Mafua na kikohozi kidogo si sababu ya kuahirisha. Lakini mtoto aliyezidiwa kwa ugonjwa, au aliyewahi kuvimba uso au kushindwa kupumua baada ya chanjo, lazima muuguzi aelezwe kabla hajashika sindano. Na mliokwisha kuchelewa, pelekeni kadi ilivyo: dozi zilizotolewa zinahesabiwa, mtoto haanzi upya. Kama kadi imepotea, ulizeni rejesta ya kliniki mlikochanjia.