TAARIFA KWA WAFANYAKAZI WA SERIKALI NA WANANCHI: SOMO LA MKONGE WA MUHEZA

Wafanyakazi wa Serikali na wananchi wa Visiwani wanaelezwa hapa namna biashara ya nje isiyo na urari inavyodumaza uchumi kwa muda mrefu. Mfano ni wa jirani zetu wa Muheza, mkoani Tanga.

Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Dakta Richard Hindorf, kwa miche 62 tu iliyonusurika safarini. Reli kutoka bandari ya Tanga ilifika Muheza mwaka 1896, na mashamba makubwa yakaenea. Kufikia mwaka 1964 uzalishaji wa nchi ulizidi tani 230,000 za singa.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya singa hizo iliuzwa ghafi. Kamba zilisokotwa ng'ambo, na bei ilipangwa huko huko. Kamba za plastiki zilipoenea katika miaka ya 1960, bei ilianguka. Mashine na vipuri viliendelea kuagizwa kutoka nje, hivyo kila tani ya singa ikanunua vitu vichache kuliko hapo awali.

Hasara hiyo haikuwa ya mwaka mmoja. Mkonge huchukua miaka 2 hadi 4 kabla ya kukatwa mara ya kwanza. Mashamba, ambayo mengi yalitaifishwa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, hayakupandwa upya ipasavyo. Kwa hiyo bei ilipopanda ghafla mwaka 1974, majani ya kutosha hayakuwepo. Katika miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 40,000 kwa mwaka.

Visiwani hali kama hiyo iliipata karafuu. Indonesia, iliyokuwa mnunuzi mkuu, ilipanda mikarafuu yake yenyewe, na kufikia miaka ya 1980 ikajitosheleza.

Hivi leo mkonge unafufuka, na China ni miongoni mwa wanunuzi wakubwa, lakini sehemu kubwa bado huuzwa ikiwa singa. Ikumbukwe kuwa singa haizidi asilimia 5 ya uzito wa jani; kinachobaki huweza kutoa gesi na mbolea.

Hivyo basi, maofisa wa mipango na wakulima wanakumbushwa mambo matatu: kusindika mazao kabla ya kuyauza, kutotegemea zao wala mnunuzi mmoja, na kuweka akiba ya kupanda upya wakati bei ingali nzuri.