Je, Wajua? Kilele Kisichokanyagwa

Je, wajua kuwa katika safu ya Himalaya kiko kilele ambacho watu wa kwanza kukifikia walikataa kukikanyaga? Ni cha Kangchenjunga, mlima wa tatu kwa urefu duniani, wenye mita 8,586, mpakani mwa Nepal na Sikkim, ambayo leo ni jimbo la India.

• Tarehe 25 Mei 1955, Waingereza Joe Brown na George Band, baada ya kuushinda upepo, barafu na uhaba wa hewa, walisimama hatua chache chini ya ncha, kisha wakarejea. Kwani msafara wao ulikuwa umewaahidi watawala wa Sikkim kwamba kilele hicho, kilicho kitakatifu kwa raia wao, hakitavunjiwa heshima.

• Kesho yake Norman Hardie na Tony Streather walifika, nao wakaitimiza ahadi iyo hiyo. Na wapandaji wengi waliowafuata wameihifadhi ada hiyo mithili ya amana.

• Hadi mwaka 1852, mlima huu ulidhaniwa kuwa mrefu kuliko yote duniani, mpaka hesabu za wapimaji zilipoipa Everest daraja hiyo.

• Una vilele vikuu vitano, na vinne miongoni mwavyo vyazidi mita 8,400.